Bolti ya Nne

Jumatatu, 10 Machi 2025. Kasese mjini.

Nimepata kazi ya uhandisi!

Niandike vizuri, kwa sababu siku moja watu watauliza ilianzaje. Duka letu lina meza mbili na printa moja. Meza ya dirishani ni yangu. Meza ya mlangoni ni ya Vasta. Mwenye duka anakaa Kampala na hututembelea kwa simu. Mimi nachora kadi za harusi, mabango ya mazishi, nembo za makanisa. Vasta anachora hayo hayo, ila polepole, na wateja wanamrudia. Sijui kwa nini.

Saa tatu akaingia Shangazi Ketura, dada mdogo wa marehemu baba. Viatu vya mpira, matope hadi gotini. Ni mwenyekiti wa wakulima wa mfereji wa nne kule Mubuku, familia arobaini za mpunga. Akasimama mbele ya meza ya Vasta. Ya Vasta! Mtu wa damu yangu!

Niliruka. Nikamshika mkono, nikamketisha kwangu. Nikamnong'oneza kwamba kompyuta ya Vasta ina virusi na Vasta mwenyewe ana macho mabovu. (Anavaa miwani. Si uongo kamili.)

Kazi ni hii. Mafuriko ya mwezi uliopita yaling'oa bamba la chuma lililoshika lango la maji. Zege limebaki. Juu ya zege zimesimama bolti nne, na katikati yake inapita nondo ya skrubu, ile ya kupandisha na kushusha lango. Wakulima wamechangishana, wamenunua bamba jipya. Moja tu. Liko Bwera kwa fundi Kosiya, mwenye mashine ya kutoboa. Kosiya anataka mchoro wa saizi kamili kwenye karatasi. Ataubandika juu ya chuma na kutoboa matundu matano palepale mchoro unapoonyesha. Karatasi ikikosea, chuma kinakosea.

Shangazi alinitazama sana kabla ya kusema. “Zedekia mwanangu, hii si kadi ya harusi. Maji yetu yanafunguliwa Ijumaa saa nne. Miche iko kitaluni, imeanza kuzeeka. Lango lisipokaa, maji yatakuja na hakuna wa kuyazuia.”

Nikaapa kwa kaburi la baba.

Alipotoka, Vasta akasema bila kuinua kichwa kwamba nikienda kupima nipime na pembe kwa pembe, maana mafundi wa zege hawanyooshi. Nikacheka kwa sauti. Wivu!

Mubuku ina mifereji mingi. Kila mfereji una lango. Kila lango litataka bamba. Nimeshachora kadi yangu mpya: “Zedekia Thembo, Vipimo Sahihi”.

Jumanne, 11 Machi. Mubuku na Kasese.

Nimekwenda kupima. Nilidhani nitakuwa peke yangu na bolti zangu. Wapi! Juu ya tuta alikuwa amesimama Afande Ahimbisibwe, mikono nyuma. Anaishi kambi ya askari na mkewe na watoto sita, na amekodi shamba kwenye mfereji huohuo. Hakunisalimia.

“Wewe ndiyo mutu ya mchoro?”

Nikasema ndiyo, Afande.

“Pima. Haraka.”

Mtu hawezi kupima vizuri akiwa ameamriwa. Nikapima upande mrefu: milimita mia tatu arobaini. Nikapima upande mfupi: mia mbili ishirini. Nikakunja futi. Afande akauliza, na ile pande zingine mbili? Nikasema ni zilezile, Afande, mstatili ni mstatili. Akatazama bolti. Akanitazama mimi. Akasema mtoto wake wa mwisho anakula mpunga wa hapa. Halafu akaondoka.

Nimerudi dukani saa saba. Nikaanza kuchora. Mstatili mmoja, viduara vinne pembeni, duara kubwa katikati. Ninavikamata kwa kipanya, navivuta, naviachia. Kwa mbali vinapendeza kabisa. Nikikuza picha, kila kiduara kimekaa kivyake, kama watu waliokorofishana. Nikivuta cha kwanza kinapita. Nikikirudisha kinarudi sana.

Nikagundua kuna kitu kama sumaku. Ukiiwasha, vitu vinanasana vyenyewe. Nikaiwasha! Viduara vikanasa. Kimoja kikanasa ukingoni mwa karatasi. Kingine kikanasa kwenye nembo yangu ya “Vipimo Sahihi”, ambayo nilikuwa nimeiweka kona ya mchoro ili watu wa Mubuku waione. Sikuweza kukibandua. Kila nikikivuta kinarudi kwenye nembo. Nadhani kinaipenda.

Vasta akapita nyuma yangu na chai yake. Akasema pale juu kuna visanduku viwili, X na Y, naandika namba na kitu kinakwenda chenyewe mahali pake, hakuna haja ya kukimbizana nacho. Nikamshukuru kwa baridi. Nikasimamisha boksi la karatasi kati ya skrini yangu na meza yake.

Jumatano, 12 Machi. Kasese, kisha Bwera.

Siku mbaya. Naandikia Bwera, kwenye benchi la Kosiya, huku nikisubiri gari la kurudi.

Asubuhi, Vasta alipokwenda benki, nikaandika namba kwenye visanduku vya X na Y. Kwa siri. Lazima nikiri kwamba ni ajabu. Unaandika, kitu kinaruka na kukaa. Viduara vinne vikakaa sawa kama askari. Lile duara kubwa la nondo nikaliandikia namba za katikati kabisa. Likaruka. Likakaa pembeni.

Nikalitazama. Jicho likaniambia limepinda. Nikakagua namba, namba ni sahihi. Jicho likasisitiza. Nikaamua jicho limechoka, nikaosha uso, nikachapisha.

Vasta aliporudi akauliza kama nimepima karatasi kwa rula baada ya kuchapisha. Nikasema kompyuta haihitaji kupimwa na mbao. Akasema kwa upole kwamba printa yetu hupenda kupunguza mchoro ili utoshe kwenye karatasi. Nikachukua rula ya duka nikaifungia kwenye droo yangu. Sitaki vurugu.

Basi nikafika Bwera saa nane nikiwa nimekunja karatasi kwenye bomba kama mhandisi. Kosiya ni mtu mkubwa, sauti ndogo. Alizaliwa Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, na Kiswahili chake hakijavuka. Bamba lilikuwa mezani, zito, limesuguliwa, zuri. Hakuligusa. Kwanza akatandaza karatasi yangu. Akatoa rula ya chuma.

“Muzee,” akaniita, na mimi nina miaka ishirini na tisa, “hapa uliandika mia tatu arobaini. Miye naona mia tatu makumi tatu.”

Nikamweleza kwamba karatasi husinyaa kwa joto la Kasese, na hapa Bwera kuna baridi, ikikaa juu ya chuma itatanuka.

Hakucheka. Ningefurahi angecheka. Akachukua uzi, akauvuta kutoka kiduara cha kona hii hadi kona ile, kisha kona nyingine. Nyuzi zikapishana. Zikapishana kando ya duara kubwa, si katikati yake.

“Na hii tundu iko naenda wapi?”

Akakunja karatasi taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha mtoto wa jirani. Akasema bamba ni moja, na chuma kikishatobolewa hakizibiki. Akasema kesho umeme wa Bwera unakatwa saa kumi jioni kwa matengenezo. Nikimletea karatasi nzuri kabla ya saa tisa, atatoboa. Nikichelewa, Ijumaa yetu imekufa.

Gari halijafika. Shangazi amepiga simu mara mbili. Nimemwambia kila kitu kinakwenda vizuri. Akasema sawa, mwanangu. Sikuipenda ile “sawa” yake.

Alhamisi, 13 Machi. Kasese, Bwera, Kasese.

Nimeokoka! Tena kwa akili zangu.

Nimefika dukani saa moja na nusu. Kichwa kimejaa milimita. Vasta hayupo, amekwenda kwa mteja Bugoye. Juu ya meza yake kuna karatasi kubwa yenye alama nyeusi za mkaa. Nikaiinamia. Alama tano! Nne ndogo, moja kubwa. Alikuwa amekwenda Mubuku jana nilipokuwa Bwera, akaweka karatasi juu ya bolti zenyewe na kuzisugua kwa mkaa hadi zikatoka.

Damu ikanipanda. Mwizi wa wateja!

Kompyuta yake ilikuwa inawaka. Faili lilikuwa pale wazi, jina lake “Mfereji wa nne”. Nikatazama mlango. Nikatazama saa. Nikafikiria familia arobaini. Nikajiambia kwamba kumwibia mwizi ni kurudisha haki.

Nikakaa kwenye kiti chake. Mchoro safi. Kila tundu na msalaba katikati yake, kila msalaba na namba. Pembe kwa pembe ameandika zote mbili. Kona ya chini, jina lake na tarehe. Nikafuta jina lake. Nikaweka nembo yangu.

Hapo ndipo nilipoona kosa. Kosa la Vasta! Bolti ya nne haikuwa kwenye mstari. Ilikuwa imeingia ndani milimita saba. Hata kipofu angeiona. Nikacheka peke yangu dukani. Macho mabovu, sikusema? Ningekuwa mtu mbaya ningeacha hivyohivyo aaibike. Lakini nilifikiria mpunga. Nikakamata bolti ya tatu na ya nne kwa pamoja, nikatafuta amri ya kulinganisha, ile inayovipanga vitu kwenye mstari mmoja, nikabofya. Ya nne ikarudi mahali pake kwa adabu. Mstatili kamili. Uzuri ulioje!

Nikachapisha kutoka kwenye kompyuta yake. Nikatoa rula kwenye droo yangu. Mia tatu arobaini, sawasawa. Nilikuwa barabarani kabla ya saa tatu, ila gari liliharibika njiani na nikafika saa nane.

Kosiya akapima pande zote nne. Akavuta nyuzi zake. Zikapishana ndani ya duara kubwa. Akaitikia kwa kichwa polepole.

“Sasa hii iko muzuri. Sana muzuri.” Kisha akaniangalia. “Lakini bolti zenyewe, uliziona? Beko hivi hivi kabisa?”

Nikasema ndiyo.

Akabandika karatasi. Akapiga alama tano kwa patasi ya ncha na nyundo, tap, tap, tap, tap, tap. Akawasha mashine. Chuma kilivuta moshi na harufu ya mafuta. Nilisimama hapo hadi tundu la tano. Saa kumi kasoro dakika tano. Dakika tano baadaye umeme ukaenda.

Kesho Kosiya mwenyewe atalileta bamba Mubuku kulifunga. Nimechukua kadi zangu ishirini za “Vipimo Sahihi” za kugawa.

Ijumaa, 14 Machi. Mubuku.

Mkono unauma kuandika. Nitaandika hata hivyo.

Saa tatu kasoro tulikuwa wote pale. Watu kama sitini, wanawake na majembe, wanaume na magunia ya mchanga ya tahadhari. Nilisalimiana na wengi. Nilikuwa nimegawa kadi tisa. Vasta naye alikuwepo, kando ya Shangazi, na bomba la karatasi mkononi. Nilimpungia.

Kosiya na Afande wakainua bamba, wakalishusha juu ya bolti. Bolti ya kwanza ikaingia. Nondo ikaingia tundu kubwa bila kugusa. Ya pili. Ya tatu.

Ya nne ikakataa.

Wakainua, wakashusha tena. Chuma kikagonga kichwa cha bolti, kikalia. Wakaligeuza kidogo, ya nne ikaingia, ya pili ikatoka. Watu waliacha kuongea mmoja mmoja, hadi nikasikia ndege. Halafu nikasikia kitu kingine. Mbali, juu ya mfereji mkubwa, sauti kama watu wengi wanaofagia uwanja.

Shangazi alimpigia mlinzi wa maji simu mara nne. Mara ya nne akapokea. Akasema amekwisha kufungua, mifereji ya juu inapokea, na yetu yameshaanza safari, hawezi kuyaita yarudi.

Nikasema bolti ipigwe nyundo ipinde kidogo. Kilikuwa kitu cha kwanza kilichonijia. Afande akanyoosha mkono bila kunitazama. “Leta nyundo!” Nyundo ikaja. Akainua.

Vasta akapaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. “Afande, acha! Zege litapasuka, utakosa zote nne!”

Nyundo ikabaki hewani. Vasta akafungua bomba lake, akatandaza karatasi yake yenyewe juu ya bolti, akaibonyeza. Zote tano zikatoboa palepale alipochora. Zote tano. Kosiya akainua bamba, akaliweka juu ya karatasi hiyo, akapima tofauti kwa rula.

“Milimita saba.” Akageuka kwangu. “Karatasi ulileta kwangu na hii ya mama huyu beko mapacha. Tundu moja tu ndiyo ilihama. Nani aliisogeza?”

Kadi zilikuwa mfukoni, nazisikia zikinichoma paja.

“Zedekia,” akasema Shangazi.

Nikasema niliinyoosha.

Hakuna aliyenipiga. Hakukuwa na muda. Kosiya akatoa tupa mbili kwenye mfuko wake, wakalaza bamba kwenye jiwe, wakaanza kulipanua tundu kwa mkono. Kosiya, kisha Afande, kisha Kosiya. Chuma unene wa kidole. Vumbi lake lilikuwa linameta na tundu halionekani kukua.

Na maji yakaja. Kwanza ulimi mwembamba wa povu na majani makavu. Halafu yote. Afande, huku akisugua tupa, akatoa amri bila kuinua kichwa. Magunia kwenye mdomo wa mfereji! Wanawake juu! Wewe ya mchoro, ndani! Nikaruka ndani na viatu vyangu vya ngozi. Tukapanga magunia, tukayashika kwa migongo. Maji ya Rwenzori hayajui jua. Yalinifika kifuani na meno yakaanza kugongana. Kushoto kwangu alikuwa Shangazi Ketura, miaka hamsini na nane, bega lake kwenye gunia moja na langu.

Tulishika. Sijui muda gani. Nilikuwa nasikia tupa, kwiii, kwaaa, kwiii, kwaaa, na nilikuwa nahesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Mara gunia la mwisho upande wa chini likateleza. Halikuwa langu, naapa. Maji yakapata tundu, yakalipanua haraka kuliko Kosiya alivyopanua lake, yakakata tuta. Na chini ya tuta lile kulikuwa na kitalu cha Shangazi.

Miche ilikuwa kijani sana. Iliinama yote pamoja, upande mmoja, kisha ikaanza kwenda. Shangazi aliiona. Hakuacha gunia lake. Angeliacha, mfereji wote ungefuata. Alitazama tu, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

Saa sita na robo Kosiya akapiga kelele. Bamba likashuka. Bolti nne. Nati nne. Afande akazungusha gurudumu la nondo kwa mikono iliyokuwa inatoka damu, na lango likashuka ndani ya maji polepole, polepole, hadi ile sauti ikabadilika na kuwa ndogo.

Watu walilala kwenye tuta. Kitalu cha Shangazi kimebaki robo. Vya wengine vyote vimepona.

Nilikwenda kusimama mbele yake. Nilitaka kusema kitu. Alikuwa anakamua kitenge chake.

“Niliinama juu ya ile karatasi nikaona imepinda,” nikasema. “Nilidhani nasaidia.”

“Ilikuwa imepinda,” akasema. “Bolti ndivyo ilivyo. Mume wangu ndiye aliyeisimamisha hiyo, mwaka tuliopata shamba hili, na jua lilikuwa linazama na zege linakauka. Miaka yote imeshika maji hivyo hivyo.” Akakamua tena. “Nenda nyumbani ukavae nguo kavu, mwanangu.”

Kama angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Jumamosi, 15 Machi. Mubuku na Kasese.

Nimeamka na homa nikaenda hivyohivyo. Kwenye kitalu cha Shangazi walikuwa wameshafika. Kila familia ilileta miche kutoka kitalu chake, fungu moja moja, imefungwa kwa nyuzi za mgomba. Afande alileta mafungu manne. Vidole vyake vimefungwa vitambaa. Nikapewa safu yangu ya kupanda. Nilipoinuka kunyoosha mgongo, akasema, “Inama.” Nikainama.

Adhuhuri nikaja dukani kuchukua rula, niirudishe mezani kwa Vasta kabla hajaja. Nikainua kibodi yangu nifute vumbi. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Mwandiko wa Vasta, tarehe ya Jumatano.

“Zedekia, shangazi yako aliniomba nikague. Nimekuchorea, iko kwenye kompyuta yangu, nimeiacha wazi, chapisha tu. Bolti ya nne imepinda kweli, usiinyooshe. Weka jina lako, mimi sihitaji.”

Nimekaa nayo muda mrefu. Niliiba kitu nilichopewa. Hata wizi umenishinda.

Vasta akaja. Sikuweza kumtazama. Akavuta kiti, akakaa upande wangu, akaondoa lile boksi la karatasi. Akanionyesha. Kwamba programu hii huhesabu X na Y kutoka kona ya kitu na si moyoni mwake, ndiyo maana duara kubwa lilikwenda pembeni. Viduara vidogo vilikosea vyote sawa, hivyo sikuviona. Kwamba kuna alama ya kuchagua moyo wa kitu, ubofye kwanza, ndipo uandike namba. Kwamba unachapisha kwa saizi kamili, unapima kwa rula kila mara, hata ukijua. Kwamba unakwenda kukigusa kitu chenyewe kwanza, na ukikikuta kimepinda, unakichora kimepinda.

Nikauliza kwa nini hakunikasirikia. Akasema amekasirika sana, na atakuwa amekasirika hadi Pasaka, ila mtu aliyekasirika anaweza kufundisha.

Nililia kidogo. Nilisema ni homa.

Jumatatu, 17 Machi. Kasese.

Mtu mpya! Nimenawa, nimechana nywele, nimefika wa kwanza. Vasta yuko Mubuku leo. Wakulima wa mifereji mingine wamemwita akapime malango yao yote. Nimemtakia heri kwa moyo mweupe. Nimetupa kadi zilizobaki. Ile “Vipimo Sahihi” ilikuwa na majivuno.

Nimetafakari sana jana kanisani na nimelipata kosa langu. Nilitumia mchoro wa mtu mwingine. Ndicho chanzo cha yote! Mtu achore chake mwenyewe tangu mwanzo.

Saa nne akaingia bwana mmoja anaitwa Davis, wakala wa kupitisha mizigo kule Mpondwe. Anataka kioo cha kaunta ya ofisi yake, chenye tundu la kusemea na mwanya wa kupitishia makaratasi, maana madereva wa malori wanamkoholea usoni siku nzima. Kioo kinene, kimetoka Kampala, kimoja tu. Mkata vioo anataka mchoro wa saizi kamili. Davis akauliza kama yule dada mwenye miwani yupo. Nikasema siku hizi anafanya kazi za mashambani tu.

Akanitumia picha ya kaunta, akasema basi twende Mpondwe nikapime. Nikamwambia asijisumbue na safari, nina picha aliyonitumia kwenye simu, na upana anaujua kwa kichwa.

Nimeanza mara moja. Nimebofya moyo wa kitu kwanza, nimeandika X na Y zangu, sikukosea hata moja. Vasta angefurahi. Tatizo ni picha tu. Kwenye picha, fremu ya kaunta imeshuka kidogo upande wa kulia. Ni simu ya Davis, aliishika vibaya.

Nimeinyoosha. Kioo kinakatwa kesho saa tatu.